UZI: Nimekaa kijijini Gunungkidul, Indonesia. Lami ipo, umeme upo, intaneti ipo, vijana hawapo

Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Humu huwa nasoma tu na kupita, leo nimeona niandike maana kuna kitu kimenikaa kichwani tangu nirudi na kila nikianza kumsimulia mtu naishia katikati. Nilikuwa Yogyakarta, Indonesia, nasoma masta. Mwaka 2023 nikaenda fildi kijijini kuanzia Julai mpaka mwanzoni mwa Novemba, alafu Idi ya 2024 nikarudi tena pale pale kama mtu wa nyumbani. Ni wilaya ya Gunungkidul, mji wake unaitwa Wonosari, kama kilomita 40 hivi kutoka Yogya, na ukishaupita Wonosari unaingia kwenye vilima vya chokaa vingi mpaka wenyewe wanaviita Gunung Sewu, yaani milima elfu. Jina la kijiji naliacha, watu walinifungulia mambo yao na sikuwaambia kwamba nitakuja kuyaandika huku.

Andiko langu la utafiti lilianza na maneno ambayo sote tumeyasikia: kijana anakimbia kijiji kwa sababu barabara mbovu, umeme hamna, hospitali mbali, mtandao hausomi, wekeni hivyo vitu atatulia. Nilikuwa naamini hivyo kabisa. Sasa nikafika mahali ambapo hivyo vyote vipo. Lami nyembamba inapita mpaka kitongoji cha mwisho, nyumba zimeezekwa vigae, umeme kila nyumba, kituo cha afya dakika 15 kwa pikipiki, kila mwezi kina mama wanakutana kupima watoto uzito, ofisi ya kijiji ina WiFi ya bure na jioni watoto wa sekondari wanajaa pale kwenye ngazi na simu zao. Na kijiji kimya. Saa nne asubuhi ukisimama njia panda unasikia jogoo, ng'ombe zizini na mtu anafagia uwanja kwa chelewa. Unaokutana nao ni wazee. Mzee wa miaka sabini na kitu amebeba mgongoni mzigo wa majani ya ng'ombe mkubwa kuliko yeye, anasimama, anakuuliza umeshakula.

Nyumba niliyokaa ilikuwa ya babu na bibi, kwa Kijava unawaita Mbah Kakung na Mbah Putri na mimi niliwaita hivyo hivyo. Watoto watatu, wote wako nje. Wa kwanza kiwandani Bekasi, jirani na Jakarta, wa pili anauza bakso Jakarta (ile supu ya vidonge vya nyama, watu wa ukanda huu wa Gunungkidul na jirani zao wa Wonogiri ni wengi kwenye kuiuza mijini), wa mwisho ni binti yuko Taiwan anahudumia mzee mgonjwa kwenye familia ya watu. Nyumba ya vyumba vinne wamebaki wazee wawili na ng'ombe wawili, na kila chumba kimetandikwa shuka safi, Mbah Putri anazifua na kuzianua kila baada ya wiki mbili kana kwamba kuna mtu analala.

Sababu ya kuondoka niliisikia siku ya tatu tu. Nilimuuliza Mbah Kakung mashamba yake ni yapi, akanionyesha kwa kidole, kipande huku kati ya mawe, kipande kule bondeni, kingine nyuma ya makaburi, jumla haifiki hata eka moja. Java ni kisiwa cha kilomita za mraba kama 130,000 hivi na kinabeba watu zaidi ya milioni 150, mkulima mwenye chini ya nusu hekta wana hadi jina lake, petani gurem, na wa namna hiyo ndo wengi. Akaniambia, nikiwagawia hawa watatu kila mmoja atapata pa kusimama na jembe tu, pa kulima hapatakuwepo. Hapo lami ingefanya nini? Lami ndo ilimrahisishia basi la kwenda Jakarta.

Alafu piga hesabu ya mshahara. Mwaka 2024 kima cha chini Gunungkidul kilikuwa kama rupia milioni 2.2 kwa mwezi, Jakarta kilikuwa milioni 5 na kidogo. Kijana wa miaka 19 mwenye cheti cha ufundi hahitaji kuelezwa.

Naendelea, ngoja nijibu kwanza wanaoniuliza huko chini.

Mdau wa Mbozi

Mkuu hiyo ya ardhi imenigusa sana, huku kwetu tunaanza kufika huko, mzee ana watoto nane na shamba la kahawa lile lile la babu. Sasa hao waliobaki wanakula nini na wanalima nini kama shamba lenyewe ni mawe?

Mleta uzi

Mkuu wanalima mvua ikija tu, mpunga wa nchi kavu, mahindi, karanga na mhogo, vyote vimechanganywa humo humo kati ya mawe. Mawe wameyapanga kwa mikono yakawa kingo za matuta, udongo wenyewe kuna sehemu ni kina cha mkono. Na hapa ndo niliposhangaa kuliko vyote. Asubuhi ya kwanza Mbah Putri kaniletea kitu kwenye sahani, cha kahawia, kina harufu naijua. Nikauliza hii ni nini, akanichukua jikoni akafungua gunia. Makopa! Makopa kabisa wakuu, mhogo umemenywa umekaushwa juani mpaka ukawa mgumu kama mfupa na una zile dotidoti nyeusi. Wao wanaita gaplek. Anautwanga, anachekecha, anaunyunyizia maji kidogo kidogo huku anazungusha ungo mpaka unga unashikana chengachenga, alafu anaupika kwa mvuke kwenye kikapu cha mianzi kilichochongoka kama kofia iliyogeuzwa. Kinaitwa tiwul. Unakula na pilipili ya kutwanga, samaki wa chumvi na majani ya mhogo, yaani kisamvu. Nilikula kimya nikamkumbuka bibi yangu, Mbah Putri akaniuliza mbona machozi, nikasema pilipili.

Wazee wa pale wanakumbuka njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 60, kipindi hicho Gunungkidul ilijulikana Java nzima kwa ufukara, na tiwul ilikuwa chakula cha aibu, mtu mwenye uwezo anakula wali. Sasa hivi tiwul inauzwa Wonosari kwenye maboksi mazuri kwa watalii kutoka mjini. Mbah Putri hilo halimfurahishi wala halimkeri, anasema yeye anakula kwa sababu ikishika tumboni inashika.

Mdau wa Bukoba

Nimewahi kusikia huko wanakula panzi, ni kweli au ni maneno ya mtandaoni?

Mleta uzi

Ni kweli. Ukipita barabara ya Wonosari msimu wake utaona watu wamesimama kandokando wameshika fungu la panzi wamefungwa pamoja, na madukani wako kwenye vikopo wakiwa wamekaangwa tayari, wa kitunguu saumu, wa pilipili, watamu wa sukari. Wanaita walang goreng. Mi si mtu wa Bukoba ila senene nimekula, nikawaambia pale kwamba hata kwetu kuna watu wanawasubiri senene mwaka mzima, basi tangu siku hiyo jirani yetu akawa ananiletea kikopo kila Ijumaa.

Mdau wa halmashauri

Mleta uzi umesema ofisi ya kijiji ina WiFi, umesema lami mpaka kitongojini. Hela zinatoka wapi? Huku kijiji kikitaka kukarabati choo cha shule ni barua miezi sita.

Mleta uzi

Swali zuri na ndo lililonifanya nikae miezi minne badala ya miwili.

Indonesia walipitisha sheria ya vijiji mwaka 2014, na kuanzia 2015 serikali kuu ikaanza kupeleka hela vijijini kila mwaka, inaitwa Dana Desa. Mwaka 2023 fungu lote lilikuwa rupia trilioni 70, vijiji ni karibu 75,000, gawanya mwenyewe, wastani unakaribia rupia bilioni moja kwa kijiji kwa mwaka, kwa hela yetu ni kama milioni 150 na ushee. Huku Yogyakarta kijiji wanakiita kalurahan na mkuu wake ni lurah, anachaguliwa kwa kura na wanakijiji, chini yake kila kitongoji kina mkuu wake anaitwa dukuh. Nje ya ofisi wanabandika bango kubwa, wanaliita baliho, bajeti yote ya mwaka iko pale kwa tarakimu, kimeingia nini, kimekwenda kwenye barabara kiasi gani, maji kiasi gani, lishe ya watoto kiasi gani. Niliwahi kumkuta mama mmoja katoka shamba, jembe begani, kasimama mbele ya baliho anasoma kwa kidole. Akageuka akaniambia mtaro wa kitongoji chetu upo kwenye namba lakini mimi sijauona. Jumamosi akaenda kuuliza mkutanoni.

Sisemi hela haziibwi. Wakuu wa vijiji waliofungwa kwa kula Dana Desa ni wengi sana na magazeti yao yanaandika kila mara. Lakini mama yule alikuwa na cha kusoma, na alijua ni nani wa kumuuliza, nyumba ya huyo mtu ilikuwa mita 200 tu kutoka pale.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea, hela ya serikali siyo inayoshika kijiji. Kinachoshika kijiji ni kikopo. Kila nyumba imetundika kikopo kidogo ukutani karibu na mlango, cha plastiki au kipande cha mwanzi. Jioni mwenye nyumba anatia humo sarafu ya rupia 500, haifiki hata shilingi mia yetu, zamani ilikuwa gao la mchele. Usiku wanaume wa zamu ya ulinzi, sungusungu yao wanaita ronda, wanapita nyumba kwa nyumba na tochi wanakusanya, mmoja anaandika kwenye daftari. Wanaita jimpitan. Hela ile inazika, inatengeneza taa ya njiani, inanunua viti vya plastiki vya shughuli. Nilipewa zamu ya Jumanne. Saa saba usiku, baridi, tumejifunga sarung mabegani, unaingiza vidole kwenye kikopo unatoa sarafu ina umande. Na kikopo kikiwa kitupu siku mbili hawasemi ana deni, wanagonga mlango kuuliza kama mtu anaumwa. Ndivyo alivyogundulika bibi mmoja aliyekuwa ameanguka bafuni, anaishi peke yake, watoto wote Jakarta.

Ila sasa zamu yetu ya Jumanne tulikuwa saba, mdogo kuliko wote baada ya mimi alikuwa na miaka 51.

Mdau wa Pemba

Asalaam alaykum. Ndugu yangu, sisi watu wa karafuu tunaisikia Indonesia tangu utotoni, wazee wanasema wao ndo walioshusha bei yetu. Hapo kijijini ulikuta mikarafuu?

Mleta uzi

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kwenye kile kijiji mikarafuu haipo, mawe matupu, lakini karafuu yenyewe inavutwa kila dakika. Sigara yao ya kretek inatiwa karafuu iliyosagwa, ikiwaka inalia tititi, na usiku wa kwanza kwenye ronda nilinusa nikajua hii ni harufu ya Pemba. Mkarafuu wenyewe asili yake ni visiwa vyao vya Maluku, ndo ukaja kufika Unguja na Pemba karne ya 19. Alafu viwanda vya kretek vikawa vinahitaji karafuu nyingi kuliko walizokuwa wanazalisha, wakawa wananunua kutoka Zanzibar, mpaka walipopanda za kutosha wenyewe, na miaka ya 80 bei ikaanguka. Kwa hiyo wazee wako hawakukosea. Nilimsimulia Mbah Kakung habari hii, kwamba kuna kisiwa Afrika watu walisomesha watoto kwa karafuu za sigara yake, akaizima sigara akaiangalia, akaniomba nirudie tena jina la kisiwa.

Na maneno yanafanana wakuu, meja ni meza, bendera ni bendera, dunia ni dunia, sabun, nanas, kabar ndo habari. Wiki ya kwanza niliishi kwa maneno hayo.

Mdau wa Mbozi

Sasa mkuu matarajio yakoje? Hao waliokwenda wanarudi au ndo imetoka?

Mleta uzi

Hapa naomba mnivumilie niandike ndefu.

Kwanza maji. Ile chokaa inanyonya mvua yote, mito iko chini ya ardhi, juu pakavu. Kila nyumba ina tanki la saruji linalokinga maji ya paa. 2023 kulikuwa na El Niño na kiangazi kilipitiliza, Agosti tanki letu likawa limeisha, tukaanza kununua maji ya lori, lita 5,000. Mbah Putri alikuwa anaoshea mchele, maji yale yale anaoshea mboga, yale yale anampa ng'ombe. Unadhani nani alilipia lori? Binti wa Taiwan. Alituma hela usiku, asubuhi lori likapandisha kilima. Lori la pili akalipia muuza bakso. Yaani vijana hawapo lakini kijiji kinakunywa kwa jasho lao, na hilo kwenye takwimu zangu lilikuwa linasomeka kama nguvu kazi iliyopotea.

Pili ni mitiki. Wazee wanasimulia vilima hivi vilikuwa mawe meupe, hakuna kivuli. Watu wakaanza kupanda mitiki, serikali ilisaidia lakini kazi kubwa waliifanya wenyewe kwenye vipande vyao, leo ukipita ni msitu. Mti wa mtiki ndo akaunti ya benki. Haukatwi mpaka kuwe na shida yenye jina, ada, harusi, hospitali. Uwanjani kwa Mbah Kakung kuna kisiki pana, nilikuwa nakalia kunywa kahawa, siku moja akaniambia hicho unachokalia ni ada ya ajenti na kozi ya lugha ya binti kabla hajaenda Taiwan. Nikasimama. Akaniambia kaa tu, kilishalipa.

Tatu, Idi. Kwa Idi ya 2024 serikali yao ilikadiria watu milioni 193 watasafiri, ukisoma namba hiyo haikuingii kichwani, mimi nimeiona ikiingia kwenye uwanja mmoja. Siku tatu kabla ya Idi kile kijiji cha kimya kilikuwa na foleni ya pikipiki. Mtoto wa Bekasi alikuja na mke na watoto wawili kwa pikipiki moja, zaidi ya kilomita 500, mtoto mdogo amebanwa katikati. Zile shuka zikapata watu. Asubuhi baada ya swala kila mtu mdogo anapiga magoti mbele ya mkubwa anaomba msamaha, mwanaume wa miaka 45 mwenye mvi anapiga goti kwa mama yake anashika mikono yake, na hapo hapo pembeni wanazungumza paa la msikiti, nani anatoa nini. Baada ya siku tano wakaondoka wote. Mbah Putri akafua shuka.

Kuna wanaorudi moja kwa moja, sio wengi. Jirani yetu alirudi 2020 hoteli aliyokuwa anafanya kazi ilipofunga kwa Corona, sasa anafuga mbuzi na wikiendi anapeleka watalii ufukweni, maana kusini huko kuna fukwe nzuri. Kuna vijiji vimetoboa kabisa, Nglanggeran hapo hapo Gunungkidul vijana wa kijiji wenyewe waliuendesha utalii wa mlima wao mpaka 2021 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa likakiweka kwenye orodha ya vijiji bora vya utalii duniani. Ponggok kule Klaten kampuni ya kijiji imegeuza bwawa la chemchemi kuwa mahali watu wanalipia kuogelea na kupiga picha chini ya maji. Viongozi wa kila kijiji wanapelekwa kuviangalia hivi viwili wanarudi na hamu. Lakini siyo kila kijiji kina mlima au chemchemi, cha kwetu kina mawe, mitiki na wazee, na lurah alikuwa mkweli, alisema watalii wakipita hapa wanakuwa wamepotea njia.

Wadogo waliobaki shuleni nao nimewasikia. Mchana darasa, jioni kozi, wanasoma Kikorea na Kijapani waende viwandani. Niliwauliza kumi na moja, mmoja ndo alisema anataka kulima. Lakini nilipouliza utajenga wapi nyumba yako, kumi wakasema hapa.

Mdau wa halmashauri

Hapo kwenye kumi nimesimama kidogo. Kwa hiyo andiko lako uliliandikaje?

Mleta uzi

Nilifuta sura ya kwanza yote. Niliacha kuuliza kwa nini wanaondoka, nikauliza kwa nini bado wanakijenga. Msimamizi hakupenda mwanzoni, alitaka jedwali la nani kahama na nani kabaki, nikamwambia siwezi kumweka binti wa Taiwan kwenye kundi la waliohama wakati ndiye aliyeninunulia maji ya kuoga. Tukabishana wiki tatu, akaniachia.

Na bado sina jibu la ronda ya Jumanne wakuu. Wale wazee sita wakiisha sijui nani atapita na tochi, maana hela inaweza kutumwa kutoka Taiwan lakini mtu wa kugonga mlango lazima awe pale.

Niwape hii ya mwisho maana imeingia juzi. Mjukuu, yule mkubwa wa Bekasi, alimrekodia babu yake wakati wanaongea kwa simu akanirushia WhatsApp. Mvua imeanza, tanki limefika nusu, mpunga walioupanda kwenye vumbi kabla ya mvua umeota. Mbah Kakung anasema amepata miche mitatu ya mtiki ameipanda pembeni ya kile kisiki, mmoja wa mjukuu huyo, mmoja wa mdogo wake, wa tatu hakusema wa nani, akauliza tu mtoto wa Afrika ameshaoa au bado.